Likizo ya Kujipikia Diani: Kukodi Nyumba, Kununua Samaki na Kuendesha Jiko kwa Kufuata Maji ya Bahari

Pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Tiwi, kupitia Diani, hadi Galu, ina nyumba nyingi za kukodi zenye jiko, jokofu na baraza, ambazo mgeni hukaa humo na kujipikia badala ya kulala hotelini. Wengi huzichagua kwa kuamini kwamba zina nafuu ya bei, na mara nyingi ni kweli, lakini faida kubwa zaidi iko kwenye saa. Hoteli hupanga kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha jioni kwa saa zisizobadilika, ilhali bahari ya Diani hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana. Mwenye jiko lake anaweza kuufuata mwendo huo, akaogelea maji yanapojaa na kula anaporudi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuipata faida hiyo bila kuigeuza likizo kuwa kazi ya kuosha masufuria.

Hatua ya kwanza: piga hesabu kwa vichwa

Nyumba hukodiwa kwa usiku na chumba cha hoteli pia hukodiwa kwa usiku, kwa hiyo watu hulinganisha bei hizo mbili na kukosea. Kipimo sahihi ni gharama ya kila mtu kwa siku zote, chakula kikiwa ndani yake. Tuchukue tarakimu za kuonyesha hesabu tu, ambazo si bei za soko: nyumba ya vyumba vinne inakodiwa kwa shilingi 18,000 kwa usiku, na watu wanane watakaa usiku saba. Kodi ni shilingi 126,000. Chakula cha shilingi 6,000 kwa siku kinafika 42,000, na mpishi wa shilingi 2,000 kwa siku anaongeza 14,000. Jumla ni 182,000, yaani shilingi 22,750 kwa kila mtu kwa wiki nzima. Sasa tuchukue watu wawili katika nyumba ndogo ya shilingi 8,000 kwa usiku, wanaotumia 2,500 kwa chakula na wanaojipikia wenyewe: jumla ni 73,500, na kila mmoja anabeba 36,750 bila hata mpishi.

Hesabu hiyo inaonyesha nani hasa anafaidika. Familia kubwa, ndugu waliokutana kutoka miji mbalimbali, au marafiki wanaochangiana, hao nyumba inawafaa mno. Watu wawili wanaokaa siku mbili tatu huenda wakapata hoteli yenye bei karibu sawa, na hawatashika kisu cha kitunguu. Wapo hata hivyo ambao kwao jiko si suala la fedha: mwenye kisukari anayepima wanga wake, mtoto mchanga anayeanza kula, mzee asiyependa chumvi nyingi, na mtu anayetaka uhakika kwamba nyama yake ni halali. Kwa hao, kujipikia kuna faida hata pale kunapogharimu sawa na hoteli.

Hatua ya pili: chagua msimu kwa kuangalia upepo

Kalenda ya bei inajulikana: nyumba hupanda sana Krismasi na Mwaka Mpya, wakati wa Pasaka na katika likizo ya shule ya Agosti, kisha hushuka kuanzia Aprili hadi Juni, mvua za masika zinaponyesha. Kinachosahaulika ni kwamba upepo ndio unaoamua kitakachopatikana jikoni. Kaskazi inapovuma, takriban Desemba hadi Machi, bahari hutulia, mitumbwi na ngalawa huvuka mwamba kwenda maji makuu, na samaki huwa wengi. Kusi inapoingia, kuanzia Aprili hivi, bahari huchafuka, wavuvi wenye vyombo vidogo hushinda nchi kavu, na samaki huadimika na kupanda bei. Anayekwenda Juni kwa sababu ya kodi nafuu ajue kwamba atakula maharage, kuku na mbaazi kuliko samaki.

Kwa maoni yangu Februari ndio mwezi bora: watu wa sikukuu wamekwisha kuondoka, bahari ni tulivu, na bado kuna maembe. Kasoro yake ni joto, ambalo halipungui hata usiku, kwa hiyo feni zinazofanya kazi si anasa.

Hatua ya tatu: ihoji nyumba kabla ya kulipa

Picha za matangazo huonyesha bwawa na kitanda, wala hazionyeshi jiko. Mwombe mwenye nyumba au msimamizi akupigie simu ya video akiwa ndani ya nyumba, afungue jokofu, awashe jiko na kufungulia bomba. Simu hiyo ina faida ya pili, kwa sababu matapeli huuza picha za nyumba wasizozimiliki, na tapeli hawezi kukufungulia jokofu la nyumba ambayo hana ufunguo wake. Ulizia mtungi wa gesi ni wa kilo ngapi na nani anaujaza ukiisha. Ulizia kama umeme ni wa tokeni au umo ndani ya kodi. Na kama kuna jenereta au betri umeme unapokatika. Ulizia maji pia. Visima vingi vya ukanda huu hutoa maji yenye chumvi kidogo, ambayo yanafaa kuogea na kuoshea vyombo lakini yanaharibu chai na wali, kwa hiyo pangeni maji ya kunywa na kupikia yatanunuliwa wapi, na nani ataibeba mitungi ya lita 20 hadi jikoni.

Vyombo navyo vinahitaji maswali yao. Nyumba nyingi zilitayarishwa kwa ajili ya wageni wa Ulaya, hivyo utakuta glasi za mvinyo za kila umbo lakini hakuna mbuzi ya kukunia nazi, wala kifumbu cha kuchujia tui, wala sufuria ya kutosha wali wa watu wanane. Kama havipo, mwambie msimamizi aviazime kwa jirani kabla hamjafika, au vinunueni sokoni Ukunda, mji ulio jirani na Diani. Anayesafiri kwa treni ya Madaraka Express kutoka Nairobi hadi Miritini, stesheni ya Mombasa, asitegemee kubeba visu vyake vya jikoni, kwani vyombo vyenye makali vinaweza kuzuiwa kwenye ukaguzi wa stesheni.

Mkikubaliana, lipa arubuni na si kodi yote. Ukitumia M-Pesa, jina la mpokeaji huonekana kabla hujathibitisha. Lisipolingana na jina la mtu unayezungumza naye, simamisha malipo na uulize. Andikianeni kwa ujumbe tarehe, idadi ya watu, kiasi kilicholipwa, na masharti ya kurudishiwa fedha safari ikivunjika.

Hatua ya nne: amua nani atapika

Hapa ndipo likizo nyingi za namna hii huharibika. Familia inasafiri ikisema tutajipikia, na ikifika inagundulika kwamba anayepika ni mama yule yule anayepika nyumbani mwaka mzima, safari hii katika jiko geni lenye joto kali na kisu butu. Jambo hili liamuliwe kabla ya safari, mbele ya watu wote, na lisiachwe kwa matumaini kwamba kila mtu atasaidia.

Pwani kuna suluhisho la miaka mingi, ambalo ni mpishi wa kibarua. Nyumba nyingi zina mtu wanayemfahamu, mwanamume au mwanamke, anayekuja asubuhi, anapika vyakula viwili na kuondoka jioni. Kubalianeni mapema kuhusu ujira wa siku, saa za kazi, siku ya mapumziko, nauli ya kurudi kwake ikiwa atachelewa, na kama yeye ndiye atakayekwenda sokoni. Mpishi akienda sokoni, mpe fedha asubuhi na mhesabiane jioni, bila kuona haya. Hesabu iliyo wazi humlinda yeye zaidi kuliko inavyokulinda wewe. Wapishi wengi wa Kwale, kaunti ilimo Diani, ni Waislamu, na hawatagusa nguruwe wala pombe ya kuungia mchuzi, kwa hiyo asiyejua aulize kabla ya kuweka kitu hicho kwenye jokofu wanalolitumia pamoja. Akiwa mtu mzima mwite Mama au Mzee, na mumwamkie kabla ya kumtajia orodha ya vyakula.

Wasiotaka mpishi wapange zamu ya maandishi, ibandikwe ukutani, wanaume na vijana wakiwemo. Zamu moja iwe na kupika pamoja na kuosha vyombo, maana zamu ya kupika peke yake huacha mlima wa sufuria ambao hauna mwenyewe.

Hatua ya tano: fika ukiwa na chakula cha siku moja

Siku ya kufika watu wamechoka, na Ukunda iko kilomita 30 hivi kusini mwa Mombasa. Njia ya zamani ni kivuko cha Likoni, ambapo watembea kwa miguu hawalipi lakini magari hulipa na hupanga foleni. Njia nyingine ni barabara ya Dongo Kundu, inayoanzia upande wa Miritini na kutokea kusini bila kuvuka kwa feri. Anayetoka stesheni ya treni na mizigo ataiona Dongo Kundu kuwa nyepesi zaidi. Vyovyote iwavyo, usipange kwenda sokoni jioni hiyo. Nunua njiani mkate, mayai, majani ya chai, sukari, vitunguu, nyanya, mafuta na mchele, na ubebe vikapu au mifuko ya kitambaa, kwa kuwa Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu tarehe 28 Agosti 2017.

Asubuhi ya kwanza haihitaji kupika. Tuma mtu akanunue mahamri na mbaazi za nazi kwa akina mama wanaouza kando ya njia, mkorogewe chai nyumbani, na siku ianze. Katika mwezi wa Ramadhani biashara hiyo huhamia jioni, na mgeni apange vitu vyake vya asubuhi tangu usiku.

Hatua ya sita: jifunze maji kabla ya kupanga mlo

Anayeishi bara huja pwani akidhani bahari ipo wakati wote. Diani ina mwamba mbele, na kati ya mwamba na ufuo kuna maji ambayo hupungua kiasi kwamba wakati mwingine mtu hutembea mbali sana kabla ya kulowesha magoti. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani hii inaweza kukaribia mita 4. Siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kiasi cha saa nne au saa tano. Wakati wa maji mafu, ambapo mwezi ni nusu, mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi, lakini kwa kiasi kidogo.

Kutokana na hayo ratiba ya jiko hujipanga yenyewe. Siku za bamvua, asubuhi itumieni kwa soko, mapishi na matembezi kwenye mwamba mkiwa mmevaa viatu, kwani kuna wanyama wa miiba myeusi wanaochoma vibaya. Kuleni mapema, mpumzike jua likiwa kali, kisha mwogelee jioni. Siku za maji mafu, ogeleeni asubuhi na mpike baadaye, mlo mkubwa ukiwa wa usiku. Aliye na kalenda ya Kiislamu ukutani hana haja ya kutafuta jedwali: karibu na tarehe moja na tarehe 15 za mwezi ni bamvua. Siku hizo hizo pweza hupatikana kwa wingi, maana wanaomtafuta hutembea juu ya mwamba maji yakiwa yamekupwa.

Wauza samaki hupita nyumba kwa nyumba kwa baiskeli au kwa miguu, wakiwa na kikapu na mizani. Wasalimu kwanza, uliza wamevua lini, ndipo uulize bei. Samaki mzuri ana macho angavu yaliyojaa, matamvua mekundu, na nyama inayorudi ukiibonyeza kwa kidole. Harufu yake ni ya bahari na si ya shombo kali. Changu, tasi na kolekole wanafaa sana kwa kukaanga na kupaka. Kwa jodari na nguru uwe mkali zaidi, na usinunue aliyekaa juani bila barafu. Bakteria huzalisha histamini katika nyama ya samaki hao wanapopata joto, na histamini haiondolewi kwa kupika wala kwa kugandisha. Mlaji huwashwa mwili, hubadilika kuwa mwekundu, huumwa kichwa na kuharisha, naye hudhani ana mzio wa samaki. Bunju usimguse kabisa, hata akiwa amechunwa, kwa sababu sumu yake huua na haiharibiwi na moto. Kamba koche mwenye mayai tumboni mwache arudi baharini; ukikataa kumnunua, muuzaji hana sababu ya kumleta tena.

Hatua ya saba: linda chakula dhidi ya joto na dhidi ya kima

Chakula kilichopikwa kisikae nje ya jokofu zaidi ya saa mbili, na kukiwa na joto linalopita nyuzi 32 kisizidi saa moja. Vyakula vya pwani ndivyo vinavyochacha upesi: tui la nazi huharibika kabla ya jioni, na wali au pilau uliolala mezani huota bakteria wanaoacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Pikeni kinachotosha mlo mmoja na nusu, gawanyeni kinachobaki katika vyombo vya kina kifupi ili kipoe haraka, kisha kiingie kwenye jokofu. Chupa mbili tatu za maji zilizogandishwa kwenye friza husaidia umeme unapokatika. Sukari, asali na mkate viwekwe kwenye makopo yenye vifuniko, la sivyo sisimizi watafika kabla ya kifungua kinywa.

Wageni wa Diani wana wezi wengine. Kima, tumbili na nyani huingia kwa dirisha lililo wazi na kuondoka na ndizi, na wakati mwingine mkate mzima. Mbega weusi kwa weupe, ambao hula majani na hawana shida na meza yako, ndio fahari ya msitu wa hapa. Shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997, limewawekea madaraja juu ya barabara ya ufuoni ili wasigongwe na magari. Fungeni madirisha ya jikoni mnapotoka, matunda yakae kabatini, na msimlishe mnyama yeyote hata watoto wakililia. Nyani aliyezoea kupewa hujifunza kunyang'anya, na wapangaji wa wiki inayofuata ndio watakaolipa.

Mbu ni suala zito kuliko nyani. Malaria ipo Kwale, na watu wa Nairobi, pamoja na ndugu wanaorudi kutoka Ulaya au Ghuba, hawana kinga ya kuitegemea. Laleni ndani ya chandarua kisicho na matundu, muulize daktari kuhusu dawa za kujikinga kabla ya safari, na mtu akipata homa baada ya kurudi nyumbani amwambie daktari kwamba alikuwa pwani.

Siku moja ya kutopika iwemo katika mpango. Wengi huitumia kwenda Shimoni na kupanda mashua hadi hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti. Bebeni maji katika chupa za kudumu, kwani tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja haziruhusiwi katika maeneo ya hifadhi nchini Kenya.

Hatua ya nane: toka bila ugomvi

Siku mbili kabla ya kuondoka, achaneni na ununuzi mkubwa na mle kilichomo. Kinachobaki kikiwa kizima, kama mchele, unga, mafuta na viungo, ulizeni mpishi na bawabu kama wangependa kukichukua, badala ya kuwarundikia kila kitu pamoja na nusu ya nyanya iliyolegea. Mlipeni mpishi ujira wake wote usiku wa mwisho, kwa sababu asubuhi ya safari watu hukimbizana na mabegi na deni husahaulika. Pitieni vyombo pamoja na msimamizi kwa kufuata orodha mliyoipiga picha siku ya kwanza, mtaje wenyewe glasi iliyovunjika, msome mita ya tokeni mbele yake, na mhakikishe arubuni, kama ni ya kurudishwa, imeingia kwenye simu kabla ya kukabidhi funguo. Anayewahi treni ya Miritini aondoke Diani mapema kuliko anavyodhani inatosha, maana mizigo hukaguliwa kabla ya kupanda.